Nguo za Kushukia Maputo

Durban, 9 Februari 2025

Mama Tracy,

Barua yako Papa Kasonde amenikabidhi leo hapa bandarini, bado amekaa kwenye usukani wa lori lake la shaba, na mimi nikaisoma nimesimama juani. Kumbe kaka yako Israël ameitisha kikao cha jamaa tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Anasema mwanaume aliyeondoka miaka kumi na moja si bwana tena, ni picha ukutani. Nimerudia mistari hiyo mara nne nikitafuta mahali pa kukasirika, nikakosa.

Sasa nisikilize. Tarehe hiyo hiyo tutatimiza miaka ishirini ya ndoa. Siku hiyo sitaki uwe mbele ya Israël. Nataka uwe na mimi, baharini. Hapa kuna meli zinazobeba watu kwa kutembea tu, zile tunaita croisière. Inatoka Durban Jumapili tarehe 30 Novemba, inazunguka, inarudi Alhamisi. Ndani kuna vyumba, kuna muziki, kuna meza ya kula saa yoyote. Wewe utapanda basi mpaka hapa, na mengine uniachie mimi.

Programu ni hii. Siku ya pili meli inasimama mbele ya kisiwa kidogo cha Msumbiji. Haifiki ufukweni, kwa hiyo watu wanashushwa na boti ndogo, wanazunguka kisiwa kwa miguu, wanakula samaki, wanarudishwa. Siku ya tatu ni Maputo. Pale utachagua: basi la kutembeza watu mjini mpaka stesheni ya zamani ya treni, au soko la samaki. Kushuka kwenyewe wanakuita excursion, na inatakiwa kuchagua mapema.

Kuhusu nguo wanasema hivi: viatu bapa vya kutembelea, kofia ya jua, kitu cha kujifunika mabega jioni kwa sababu ya upepo, nguo ya kuogelea, nguo moja ya heshima kwa chakula cha usiku wa tatu, na nguo nyeupe kwa usiku mmoja ambao meli nzima inavaa nyeupe.

Mwambie Israël. Mwambie na mama yako. Mwambie Tracy kwamba baba yake hajasahau hesabu ya miaka.

Mume wako,
Adrien


Lubumbashi, 16 Machi 2025

Baba Tracy,

Barua yako ilikaa siku tisa ku mpaka ya Kasumbalesa, mu foleni ya makamyo, pamoja na Papa Kasonde mwenyewe. Nilisomea ku depot, nyuma ya ma-balle, mabunda ya bikwembe, ile munaita vitenge, juu patron Kakule hapendake mutu asome saa ya kazi. Nikafika pa «baharini», nikakaa chini. Kakule akaniuliza kama kuko mutu alikufa. Nikamujibu: hapana patron, kuko mutu alifufuka.

Acha nikucheke kidogo kwanza. Unaandika sawa radio. Ule Mutanzania mwenye munalala naye chumba moja alikugeuza Kiswahili yote. Lakini heri vile, heri barua. Kwa simu unasemaka «niko bien», na kila mara nikianza kuuliza maneno ya kweli, réseau inakatika. Karatasi haina réseau.

Sasa mambo ya nguo. Nguo ya kuogelea, hapana. Miye ni mama wa chorale ya kanisa, bantu bananiona mbele ya autel kila dimanche ku misa, na matako yangu si ya kuonyesha ba-touristes. Nitavala kikwembe mpaka mu maji kama ni lazima. Na ile usiku ya nyeupe, nielezee muzuri. Bantu ba meli nzima bavale nyeupe na hakuna ubatizo? Nani iko anawaombea?

Kisiwa inaniogopesha. Ile boti ndogo iko na moteur, ao banavuta na mikono? Maji mingi nilishaona mu maisha yangu ni ya muto Luapula, pale Kasenga, na nilibakia ku pembeni na bilato, biatu yangu, mu mukono. Lakini kama weye utakaa mbele yangu mu boti, nitaingia. Maputo njo napenda. Soko ya samaki, pale nitajua mambo. Nione kama ba-mama ba kule nabo banafichaka samaki ya juzi chini ya samaki ya leo. Treni tutaacha, treni tuko nayo huku na haitembeake.

Israël nilimupelekea habari. Kiisha akauliza: «Ni meli ya bantu, ao ya shaba?» Mama akacheka mpaka akakohoa. Kikao hakijafutwa, lakini saa hii anasema «tutaona», na mbele alikuwa anasema «imeisha».

Passeport nitaanza kutafuta. Na weye, karatasi yako inakuruhusu kutoka mu inchi na kurudia?

Adrien, nakutamani. Naandika ile neno na Tracy iko anaosha masahani nyuma yangu, na sioni haya. Nilisahau namna unachekaka. Najua ulikuwa unacheka mingi, bantu banasema, lakini sauti yenyewe ilitoka mu kichwa yangu na sijue ilitoka siku gani.

Bibi yako,
Domitille


Durban, 20 Aprili 2025

Mama Tracy,

Boti ina mota, usiogope. Kijana mmoja anashika usukani, mwingine anakupa mkono. Kila mtu anavaa koti la kuelea, rangi ya machungwa, na kila mwanamke anafanana na gunia. Hata wewe utafanana na gunia, na mimi nitacheka, na utakumbuka sauti.

Ile nyeupe haina dini. Ni furaha tu. Wanaume wanavaa suruali nyeupe na shati la mikono mifupi, wanawake magauni marefu. Hakuna anayewaombea, ndiyo maana wanalewa.

Nimewatazama sana watu hawa, Mama Tracy. Wanaopanda wamevaa vizuri na wamenuna, wanagombana juu ya funguo na masanduku. Wanaoshuka wamevaa ovyo, kandambili, kofia za majani, ngozi imebabuka, na wanashikana mikono. Wazee wa miaka sabini wanashikana mikono. Mwanamke mmoja alishuka amevaa shati la mume wake juu ya gauni, na mume amebeba viatu vyake. Nikasema moyoni: ndiyo nguo ninayotaka uvae wakati wa kushuka. Shati langu.

Haya, chagua soko la samaki. Wanakupikia pale pale unaponunua. Leta kitambaa chembamba cha kichwa kwa ajili ya upepo, si kile kikubwa cha kanisani, kitaruka. Rangi unazopenda wewe, zile za moto, zitapendeza juu ya maji, kwa sababu wenzetu hawa wanavaa rangi za mchanga tu.

Tracy anapenda nini sasa? Kila nikiuliza unaniambia anasoma vizuri. Mtoto anayesoma vizuri hupenda nini jioni?

Adrien


Lubumbashi, 1 Juni 2025

Baba Tracy,

Tracy anapenda kusuka bantu nywele na kuwakatalia wasiongee wakati anasuka. Jioni anakaa pa mulango na batoto ba jirani wanangoja mu ligne sawa ku coiffeuse. Ni weye kabisa, na ile uso ya kukasirika ya uongo.

Passeport ilitoka. Picha ni mubaya, nafanana na mutu mwenye aliiba mbuzi, lakini ni yangu. Haukunijibu juu ya karatasi yako. Nilijiambia: mutu anatumika kazi ku bureau, ofisi ya port, yeye njo anajuaka bale banapanga mambo, miye nauliza nini.

Sasa sikia kile kilifanyika, na usikasirike. Nilimwambia Mama Benita wa chorale. Yeye tu. Dimanche yenye kufuata ba-mama bote kumi na mbili balikuwa wanajua, na walisha kuamua: siku ya kuondoka, watanisindikiza mpaka Kasumbalesa, mu uniforme. Unajua namna ba-mama ba Lubumbashi bako. Mutu hawezi kuenda fasi kubwa, pahali pa heshima, sawa mwizi, peke yake, na kikwembe ya kila siku. Kakule mwenyewe alifungua balle mupya bachague. Balichagua ya bleu na manjano, maua makubwa, na Chadrack mushonaji alisha kupima kila mutu. Minibus tulisha kuongea. Kuko na wimbo wa kuniimbia pa barrière, ku kizuizi ya mpaka.

Yangu Chadrack alishona ya namna tatu mu kikwembe ile ile: moja ya boti, fupi kidogo, isiingie maji, moja ya soko, na mifuko mbili, na moja ndefu ya chakula ya usiku wa tatu, mabega wazi, na écharpe ya kujifunika. Nyeupe, nilinunua robe, gauni. Nilivala ile ndefu mbele ya kioo mu chumba. Adrien, nilikuwa na taille, kipimo ya nguo, ya 38 wakati uliniacha. Saa hii Chadrack anaandika 46 na ananyamaza juu ya heshima. Nakuambia mbele, usishituke pa gare ya bus. Uso ni ile ile.

Namutumia Papa Kasonde mètres mbili ya ile kikwembe. Shonesha shati. Nataka tushuke Maputo tumevala kitu moja, mutu yeyote mu soko ajue kama ule mwanamuke iko na mwenyewe. Miaka kumi na moja hakuna mwenye alijua kwa macho.

Domitille


Durban, 15 Julai 2025

Mama Tracy,

Kitambaa nimekipata. Ni kizuri sana. Nimekiweka kwenye begi.

Nimesikia kwamba kisiwa huenda hawatashusha watu mwaka huu, bahari inachafuka mwezi ule. Na Maputo pia naona tusiweke moyo sana. Watu wengi hawashuki. Wanabaki ndani ya meli, wanapumzika. Labda na sisi tungebaki ndani. Au labda tungesogeza mpaka mwaka ujao, wakati watu si wengi.

Ba-mama wa chorale waambie wasijisumbue kufika Kasumbalesa. Si lazima kila mtu ajue. Na zile nguo, huenda zimekuwa nyingi. Hapa watu wanavaa kawaida.

Msalimie Tracy.

Adrien


Lubumbashi, 24 Agosti 2025

Adrien,

Nilisoma barua yako mara moja, ikatosha.

Ulisha kuona picha yenye niliweka mu enveloppe, ile ya robe ndefu, si ndiyo? Sikukuandikia kama niliiweka, nilitaka uipate tu. Uliipata. Kiisha bahari inachafuka. Kiisha Maputo bantu hawashukake. Kiisha nguo ni mingi, tubaki ndani, mutu asituone.

Miye si mutoto. Mwanaume mwenye anatembea katikati ya ba-mama ba bahari, wa ngozi laini, anaona picha ya bibi yake wa quartier yetu ya Katuba, taille 46, kikwembe ya maua, na ba-mama kumi na mbili nyuma yake wanaimba, anaona haya. Sema tu. «Domitille, nitaona haya kutembea na weye.» Ni maneno sita, ingefika haraka kuliko bahari yako yote.

Na kama kuko mwanamuke mwingine, sema yeye pia. Nimeishi na mambo mabaya kuliko ile. Nililala hapa na mutoto wa homa, bwana iko kwa simu anasema niko bien. Nilizika baba yangu, na bakwe wengine wakakaa pa fasi yako. Nilisema: anatumika, atarudi, ni mutu muzuri. Israël akiongea, nilikuwa namukatalia mbele ya bantu.

Ile kikwembe nitaivala peke yangu ku misa. Maua yake haina kosa.

Domitille


Durban, 7 Septemba 2025

Domitille,

Picha iko mfukoni mwangu tangu Julai. Naitoa kila siku. Sijaona haya ya kutembea na wewe. Naona haya ya kukuonyesha mahali ninaposimama.

Sifanyi kazi kwenye ofisi. Mwaka wa kwanza nilikuambia nafanya kazi bandarini, wewe ukasema ofisi, mimi nikanyamaza, na ule unyamavu ukakua. Kazi yangu ni kulinda magari. Nasimama kwenye parking mbele ya mlango wa meli, nimevaa gilet, kizibao cha manjano, naonyesha watu mahali pa kuweka gari, na wakirudi baada ya siku nne nawaonyesha kwamba halijaguswa. Wananipa walichonacho. Vile vitabu vya programu wanaviacha kwenye viti vya kungojea. Mambo yote niliyokuandikia, boti, kisiwa, soko, nyeupe, nimeyasoma humo, na mengine niliwauliza. Wazee wawili wanaokuja kila mwaka waliniuliza kwa nini napenda kujua. Nikasema mke wangu anakuja, tutapanda. Sasa kila wakirudi wanauliza: amefika?

Meli siwezi kupanda. Si kwa sababu ya tiketi tu. Karatasi yangu ni ya mkimbizi. Niliiomba kwa sababu ndiyo mlango uliokuwa wazi, na wanaiongeza miezi sita, miezi sita. Nikitoka nje ya nchi hii, hata kwenye kisiwa cha kukanyaga mchanga, imekufa. Nikiingia kwenye ambassade yetu, ubalozi, kuomba karatasi ya kurudi nyumbani, imekufa. Nitatoka na sitarudi tena.

Wewe ungeweza kuja. Nilifikiri ile. Lakini tunalala watu sita mu chumba moja, kwa zamu. Ningekulaza wapi na zile nguo?

Ilikuwa neno la Israël kwenye barua yako. Nilisoma «picha ukutani» nikashituka, nikaangalia mbele yangu, pale kulikuwa meli. Nikaandika meli. Nilisema mpaka mwezi wa kumi nitapata neno la kuiondoa. Kumbe weye ulishaenda kushona.

Sikurudi nyumbani juu sina kintu, Domitille. Mwaka wa pili nilitaka kurudia, nikasema nirudie na kintu. Mwaka wa tano vile vile. Mutu akikaa miaka mingi, kile cha kurudia nacho kinapaswa kuwa kikubwa zaidi, na miye nilibakia yule yule. Njo vile tu. Hakuna mwanamuke. Kuko parking.

Adrien


Lubumbashi, 19 Oktoba 2025

Baba Tracy,

Barua yako nilikaa nayo juma mbili bila kujibu. Nilikukasirikia mpaka nikavunja sahani, moja, ile yenye ilikuwa na ufa. Kila siku nilifikiri ile gilet. Bantu banakuja na magari yao banakuita na kidole, na miye huku naambia bantu bwana iko mu bureau. Nilikasirika juu ulinifanya niseme uongo na uso muzuri vile.

Kiisha jeudi nikaenda ku répétition, mazoezi ya nyimbo, nikasimama mbele ya ba-mama. Nikasema: meli haiko, haikuwake hata siku moja, bwana yangu analinda magari. Nilingoja wacheke. Hakuna mwenye alicheka. Mama Benita akafunga cahier yake ya nyimbo, akauliza: «Na bwana, yeye iko?» Nikasema iko. Akasema: «Basi kuko mutu wa kuenda kupokea ku Kasumbalesa. Miye nilisha kushonesha, sitaweka ile nguo mu sanduku juu ya meli.» Na bale wengine bakaitika, bakaanza kutafuta wimbo wa kupokea pa fasi ya wimbo wa kusindikiza. Ni bendawazimu, lakini ni ba kwetu.

Basi programme yako ni hii. Usome muzuri, uchague mapema.

Siku ya kwanza, ambassade. Vala shati ya mikono mirefu, gilet uache kwa mwenzako. Utaomba tenant lieu, ile karatasi banapatiaka mutu wa kurudia kwabo. Najua ukiingia pale, ile karatasi ingine inakufa. Nilisoma. Njo ile naomba, Adrien, sikuombi kingine. Ife.

Siku zenye kufuata, bus. Pantalon, suruali isiyobana, juu miguu inavimba. Pa Lusaka mutashuka masaa mbili. Kunywa maji, kula kitu cha moto, usipatie mutu begi akulindie juu unaaminaka haraka.

Siku ya mwisho, Kasumbalesa. Pale usibadilishe nguo. Tokea na ile yenye ulilala nayo. Ku quartier tulishaona ba-bwana banashuka na lunettes ya jua na valise tatu, na kiisha juma mbili wanakopa sukari. Miye nataka ule wa parking.

Usilete kintu. Nasema tena, usilete. Mutu akikuuliza umeleta nini, uniachie miye nijibu. Kakule anatumaka bikwembe mpaka Kasomeno kila juma, na mutu wake wa kule aliacha kazi. Sikumuomba kitu juu yako. Nakuambia tu kama kazi iko, na ni ya kusimama juani, yenye ulishazoea.

Lakini sikia na hii. Tarehe tatu Israël atapanga viti. Kama hakuna mutu mu kiti yako, nitasimama miye mwenyewe, si yeye, nitasema mbele ya jamaa zote mbili kama sina bwana tena. Sitalia. Nitakuwa nilisha kulia mbele. Si juu ya kukuchukia. Nilichoka kupendana na enveloppe.

Tracy nilimwambia yote. Aliuliza parking ni kubwa namna gani.

Domitille


Kasumbalesa, ku ngambo ya Zambia, 2 Desemba 2025, asubui

Domitille,

Niko hapa. Karatasi niliomba, balinipatia, na kule Durban walisha kunifunga mulango.

Nilifika dimanche, na leo ni mardi. Usiku mbili nililala mu kamyo ya Papa Kasonde, alinikuta mu foleni akaniambia panda. Leo asubui Ba-Zambia bamenipigia muhuri ya kutoka. Nikatembea hatua kama makumi tano, kiisha miguu ikakataa. Niko katikati, nimekaa pa jiwe, makamyo yanapita huku na huku. Nyuma siwezi kurudia, na mbele naogopa. Papa Kasonde anavuka na miguu kupeleka ma-documents ya mizigo, amenipa bic, kalamu, anasema niandike kama kinywa inashindwa.

Ba-mama nawasikia, Papa Kasonde aliwapelekea habari jana. Wanaimba pale ku barrière, siwaone muzuri, kuko vumbi na tôles, mabati.

Ba-mama siwaogope. Israël simuogope, kesho nitakaa mbele yake aseme mpaka achoke. Na weye, utanitukana, nitasikia sauti yako, ile njo nilifwata. Naogopa Tracy. Nilimuacha iko analala. Nilipita pa kitanda bila kumugusa, juu nilijua akiamuka sitaenda. Miaka mbili alikuwa nayo. Leo ataona mutu muzee na mufuko moja ya plastiki, ataambiwa: huyu. Akiniuliza nilimuletea nini, sitakuwa na jibu. Akiniuliza juu ya nini sikumuaga ile siku, nitakuwa na jibu na ni mubaya zaidi.

Niambie tu nianzie wapi. Nitangoja hapa.

Adrien


Nyuma ya karatasi yako, siku ile ile

Baba Tracy,

Barua hii Tracy njo aliipokea, alinyanganya mu mukono ya Papa Kasonde mbele nijue ni ya nani. Alisoma yote. Nikataka kumukatalia, nikachelewa.

Anasema nikuulize: ule mwenye shati ya bleu, anakaa pa jiwe karibu na kamyo ya nyekundu, njo weye? Juu anakuona. Alipanda pa muti ya barrière tangu asubui na anakuona. Sisi tulikuwa tunaimba, yeye alikuwa anakuangalia tu. Nilimuuliza juu ya nini hakukuita. Alinijibu: «Sijue banamwitaka nani.»

Alianza kusema «papa», akasema neno ile linamushinda mbele ya bantu. Akajaribu «Monsieur Adrien», Mama Benita akamupiga pa mukono. Sasa iko analia, na anakasirika juu analia.

Miye ningekuja, lakini miguu yangu iko sawa yako. Nimeongea na askari wa barrière, nimemuonyesha passeport yangu yenye haikutembea hata siku moja, ameangalia kikwembe zetu kumi na tatu, amesema mutoto apite hatua makumi mbili, si zaidi. Hatua ingine ni zako.

Nimemwambia asikuite jina yoyote. Aende tu, nyuma ya Papa Kasonde mwenye kukuletea hii karatasi.

Simama, Adrien. Anakuja.

Domitille